Mahali Mashine Inapong'ata

Mtu akimuuliza Shakuntala mwanawe wa pili anafanya kazi gani, alikuwa na jibu moja tu: "Anatafuta shimo." Wakwe watarajiwa waliitikia kwa adabu, wakamaliza chai yao, wakaenda na binti zao wasirudi. Ndiyo maana Nimesh, mwenye shahada tatu na kipara kinachomtangulia kila mlangoni, alikuwa bado analala kwenye chumba chake cha utotoni kule mtaa wa Section 58, chini ya picha ya timu ya kriketi ambayo wachezaji wake wote sasa ni mababu.

Ba hakuwa anamsingizia. Ba ni mama kwa Kigujarati, ndivyo wanawe walivyomwita Shakuntala, na Ba huyu hakuwa mtu wa kusingizia watu, aliwasema kama walivyo. Nimesh alikuwa anatafuta shimo kweli. Ila shimo lenyewe lilikuwa dogo.

Kuna unga mmoja mweupe, laini kama poda ya mtoto, unaoitwa naitraidi ya boroni. Chukua kipande chake chenye kung'aa, kibandike kwenye selotepu, bandua, bandika tena, bandua tena. Kinaachana tabaka kwa tabaka kama chapati iliyokunjwa na mpishi anayejiheshimu, mpaka unabaki na kiganda chembamba kiasi kwamba ukikitazama kwa ubavu hakipo. Kina urefu, kina upana, unene kimesamehewa. Ndani yake atomu zimejipanga kama masega ya nyuki. Sasa, mara mojamoja katika safu hizo atomu fulani haipo, imebaki pengo. Na kama vile wewe ukiwa na pengo la jino ulimi hauachi kwenda pale, ndivyo elektroni inavyong'ang'ania pengo hilo, inacheza humo peke yake kama sindano ndogo ya dira. Huko kucheza ndiko wenye elimu wanakokuita spini.

Mulika pengo hilo kwa leza ya kijani, linakujibu kwa nuru nyekundu, chembe mojamoja, kama bibi mchoyo anayegawa peremende. Lipigie mawimbi ya jamii ya yale yanayopasha chakula kiporo, ukilenga kipimo chake barabara, nuru inafifia. Leta sumaku karibu, kipimo kinahama. Umeshapata mlinzi mdogo kuliko walinzi wote, asiyelala na asiyeomba chai, anayejua sumaku iliyo karibu hata kama ni hafifu namna gani. Nimesh aliota siku atakapomkalisha mlinzi huyo kando ya chembe ya damu, ili mlinzi amfichulie mdudu wa malaria kwa ule usumaku kidogo alio nao tumboni.

Tatizo ni kwamba mapengo hayaagizwi dukani. Hutoboi unapotaka. Kila kiganda kina madoa tele yanayong'aa, na karibu yote ni viziwi: yanawaka vizuri, lakini ukiyapigia mawimbi hayana habari, ukileta sumaku hayajali, kama ofisi yoyote ya serikali unayoijua. Nimesh alikuwa amebandua selotepu miaka mingi hivi kwamba muuza vifaa vya shule pale mjini alimfikiria kuwa ana watoto kumi na wawili.

Kisha akalipata.

Siku hiyo alikuwa na Karanja, fundi wa maabara, mzee wa kanisa kutoka mtaa wa Rhonda, ambaye ndiye aliyelijenga lile sanduku jeusi la bati linalofunika hadubini isipigwe na mwanga. Mstari wa kupima nuru kwenye skrini ulikuwa umenyooka kama kawaida, ukaenda, ukaenda, ukadidimia ghafla, ukapanda tena.

"Karanja," Nimesh alisema kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka. "Lete sumaku."

"Gani?"

"Yoyote!"

Karanja alileta sumaku ya spika mbovu ya gari lake, akaisogeza kandokando ya sanduku. Lile bonde kwenye mstari likahama.

"Daktari. Hii kitu imesikia."

"Rudisha nyuma."

"Imerudi! Shetani ashindwe!"

Wanaume wazima wawili walishikana mikono wakarukaruka mpaka Karanja akakumbuka kwamba vishindo vinaweza kuharibu. Wakaganda. Kuanzia hapo doa hilo likaitwa Mtoto, na kila asubuhi Karanja aliuliza, "Mtoto ameamkaje?" naye Nimesh akajibu, "Ameamka salama." Hawakuthubutu kukitoa kiganda kwenye hadubini. Kukitoa pale na kukirudisha ukitegemea kumpata Mtoto ni kama kuangusha punje ya ngano shambani Mau Narok, uje mwaka kesho uulizie punje yako.

Lakini chuo, kama ujuavyo, kina macho ya kuona chumba, si kilichomo. Kabla ya furaha kupoa, Profesa Kibii, mkuu wa idara, aliingia akiwa amefumbata mikono kwa nyuma kama mtu anayekagua shamba la marehemu.

"Daktari Nimesh, mimi si mtu wa kukatiza sayansi," alisema. "Lakini keki zina wanafunzi."

Ilikuwa kweli. Chuo kilikuwa kimeanzisha stashahada ya keki na mapambo yake, na wanafunzi walimiminika kama siafu, wakati darasa la Nimesh lilikuwa na vijana watatu, mmoja wao akiwa amepotea njia. Oveni ya keki ilikuwa imeshafika, ipo koridoni ikingoja, na mwalimu wake, Becky, alikuwa ameshapima madirisha ya maabara kwa ajili ya mapazia.

"Kamati inakuja Alhamisi," Profesa aliendelea. "Nimeambiwa una kitu kinachosikia. Wakikiona kinasikia, chumba ni chako, hata mimi nitakutetea. Wasipokiona..." Akanusa hewa, kana kwamba keki imeshaiva.

"Watakiona, Profesa."

"Mimi nakuombea."

Kuombewa ndiko kulikoleta balaa.

Dasara, sikukuu ya Kihindu, iliangukia juma hilohilo. Katika ukoo wa Nimesh, Dasara ni siku ya vyombo vya kazi. Marehemu babake alikuwa na karakana karibu na reli, akitengeneza majembe ya trekta na mashine za kuvunia za wakulima wa ngano, na sasa kaka mkubwa, Nitin, ndiye anayeiendesha. Kila Dasara Ba huenda karakana na sinia: kumkum, ile poda nyekundu ya ibada, mchele, maua ya manjano, nazi. Hupita kwenye kila mashine akiiwekea alama kwa kidole kilicholowa. Wakulima wanaongoja vipuri huvua kofia, maana hata kama hujui ni ibada gani, Ba akiwa na sinia unajua ni ibada.

Watu wengine hupaka alama popote, kwenye bati au kwenye usukani. Ba hapaki popote. Mwaka mmoja, akiwa bibi arusi mwenye haya, aliwekea alama mashine ya kukandamiza chuma kwa nyuma, kwa sababu mbele kulikuwa na mafuta na sari yake ilikuwa mpya. Kabla ya sikukuu ya Diwali mashine ile ikala vidole viwili vya mumewe. Tangu hapo Ba huuliza kwanza: hii inang'ata wapi? Na hapo ndipo anapoweka alama, pale keekee inapotoboa, pale msumeno unapokata.

"Ukimbariki mbwa mkiani," husema, "meno yanabaki na njaa."

Sasa Jumanne, mezani, alimtazama Nimesh juu ya bakuli la dengu.

"Mashine yako haijawahi kuwekewa alama."

"Ba, ile si mashine ya karakana."

"Inakula stima?"

"Inakula, lakini..."

"Basi ni mashine. Ndiyo maana umebandua makaratasi miaka yote hiyo bila kitu. Kesho nakuja."

"Nimeshapata, Ba. Ninalo moja."

"Moja!" alisema Ba, kama mtu aliyeambiwa mwanawe ameshinda kiatu kimoja. "Kesho nakuja."

Wapo watu duniani wanaoweza kumwambia mama yao hapana. Nimesh alikuwa amewahi kusoma habari zao. Yeye alijiambia kwamba atamwelekeza Ba aweke alama nje ya sanduku, kwenye bati, na bati halidhuru. Alilala akiwa na amani ya mtu aliyepanga vizuri.

Ba alikuja na sari ya hariri na sinia iliyofunikwa. Karanja alimpokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Karibu sana, Mama. Leo mashine imepata mwenyewe."

"Karanja, wewe umekonda. Huyu kijana anakulisha hewa?"

"Sayansi, Mama. Tunakula sayansi."

"Ndiyo maana umekonda."

Akawasha udi nje, koridoni, kwa sababu Nimesh alimsihi moshi usiingie, na Ba alikubali upesi, jambo lililopaswa kumshtua mwanawe. Akampa Nimesh nazi aishike kwa mikono yote miwili. Akamwambia afunge macho. Nimesh akafunga. Alikuwa mwana mtiifu, wanaochungulia ni wale wengine.

Akasikia mamake akinong'ona sala. Akasikia kengele ndogo. Kisha, kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini ya mtu anayeuliza dukani:

"Karanja. Hii inang'ata wapi?"

Na Karanja, mzee wa kanisa, mtu mwenye adabu, ambaye angeweza kumkatalia mkuu wa chuo lakini si mama wa mtu anayeomba, alidhani ni alama ya kuchorwa hewani tu. Akafungua kifuniko cha sanduku.

"Hapo, Mama. Chini ya hicho kijicho."

Nimesh alifungua macho. Aliona bangili, aliona kidole chekundu kikichomoka kutoka chini ya lenzi, na aliona punje za mchele zikidunda polepole juu ya kioo kilichobeba kiganda, alichokuwa hajakigusa hata kwa pumzi. Mdomo ulifunguka. Mikono ilikuwa na nazi.

"Tayari," alisema Ba, akimpaka na yeye pia kwenye paji la uso. "Sasa itakusikia."

Alipoondoka, Karanja alisimama akitazama sanduku kama mtu aliyemfungulia fisi zizi.

"Daktari, nilidhani ataonyesha tu kwa mbali. Kama padri."

"Washa," alisema Nimesh.

Sasa jambo ambalo Ba hangelijua, wala muuzaji wa kumkum hangelijua, wala halijaandikwa kwenye kitabu chochote cha ibada: zamani poda hiyo ilikuwa bizari ya manjano na chokaa. Siku hizi nyingi ya madukani hutiwa rangi ya kiwandani, na iliyokuwa kwenye sinia ya Ba ilikuwa na rangi ambayo ukiimulika kwa nuru ya kijani huwaka kwa wekundu uleule wa Mtoto. Uleule. Kama ungewaita wahandisi waketi watengeneze kitu cha kumficha Mtoto, wangeketi, wangelipwa posho, na mwishowe wangeleta kumkum.

Skrini ilijaa mwanga kutoka pembe hadi pembe. Kile kifaa cha kupokea chembe mojamoja za nuru kikapiga kelele, kikajizima chenyewe ili kisife. Mahali fulani chini ya arusi hiyo yote, Mtoto alikuwa anatoa peremende zake mojamoja, na hakuna aliyemwona.

"Tuoshe," alisema Karanja.

"Kiganda kitaenda na maji."

"Tupulize?"

"Kitaenda na upepo."

"Tuchome, basi! Rangi si inaungua?"

Hilo lilikuwa wazo. Kiganda kile kinastahimili moto ambao rangi haiwezi. Nimesh alikimbia koridoni akamkuta Becky akiifuta oveni yake kwa upendo.

"Becky, hii inafika joto gani?"

"Ya keki, Daktari. Na mkate, ukinibembeleza."

"Nahitaji mara mbili ya hiyo."

"Ukitaka kuoka mawe, enda volkeno ya Menengai. Hapo chini bado kuna moto." Kisha akamwona usoni, akaacha kucheka. "Kwani kuna nini? Na hiyo nyekundu kwa uso ni nini?"

Nimesh alijigusa paji, akatazama kidole. Akarudi maabara.

Ilibaki njia moja. Rangi za namna hiyo huchoka. Ukizimulika bila kuacha, huwaka, huwaka, kisha hufa moja baada ya nyingine, kama wageni wanaoishiwa stori. Lakini Mtoto pia huchoka. Leza ikiwa dhaifu, rangi ingekufa mwezi ujao na kamati inakuja kesho. Leza ikiwa kali, rangi ingekufa leo, na labda Mtoto angetangulia. Nimesh aliizungusha juu, akairudisha chini, akaipandisha tena kidogo. Akaiacha katikati, mahali ambapo hapamfai mtu yeyote. Kisha akaketi kwenye kiti, mikono kati ya magoti, akaitazama nuru ikishuka, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kushika.

"Tuombe?" aliuliza Karanja kwa upole.

"Hapana, Karanja. Tumeombewa vya kutosha."

Nyumbani Ba aliuliza hata kabla hajavua viatu. "Imefanyaje?"

Nimesh alimtazama. Ba alikuwa amepika ladu, vile vitamu vya unga wa dengu anavyovipika mtu akifaulu mtihani. Sentensi ilikuwa imekamilika kinywani mwake, yenye kiima na kiarifu: Ba, umelifunika doa langu. Akameza.

"Inawaka, Ba. Haijawahi kuwaka namna hii."

"Niliwaambia," alisema Ba, akiwaambia kina nani haijulikani, na akampakulia mara mbili.

Alhamisi kamati ikaja, wazee wa suti na mama mmoja mwenye kamusi nzima ya vidani shingoni, pamoja na Profesa Kibii akiwatangulia. Na Ba naye akaja na kopo la peremende za maziwa, kwa sababu hakuna aliyemkataza, au kwa usahihi zaidi, kwa sababu mwenye kumkataza alikuwa Nimesh.

Rangi ilikuwa imechoka lakini haijafa. Skrini iling'aa kama mlango wa benki msimu wa Krismasi.

"Ala!" alisema mama wa vidani. "Kumbe sayansi ni maridadi hivi?"

"Mimi nilidhani ni kitu cha kutafuta na tochi," alisema mzee mwingine. "Kumbe kinajionyesha chenyewe!"

Walipiga makofi. Makofi ya kweli. Kwa muda kidogo Nimesh aliona jinsi mtu anavyoweza kuishi: angenyamaza tu, angenyamaza miaka yote iliyobaki, akiwaonyesha wageni kumkum. Profesa Kibii mwenyewe alikuwa anatabasamu. Kisha akakumbuka kazi yake.

"Ni kizuri. Sasa tuonyeshe kinavyosikia."

Karanja alichukua sumaku ya spika. Aliisogeza kwa heshima, kama mtu anayepeleka sadaka. Mstari ulinyooka. Akaigeuza. Mstari ulinyooka. Akaigusisha kabisa kwenye bati, ikang'ang'ania, ikabidi aivute kwa kuegemeza mguu mezani.

"Labda amelala," alinong'ona.

"Hakisikii," alisema yule mzee, kwa masikitiko ya haki.

"Na hii nuru yote ni ya nini, Daktari?" aliuliza Profesa Kibii. "Mbona niliambiwa ni doa dogo?"

Nimesh aliinua macho. Nyuma ya suti zote alimwona Ba na kopo lake, akiwa amelishikilia tumboni kwa mikono miwili, anamtazama mwanawe akizungumza na wakubwa. Hakuelewa chochote cha yaliyokuwa yanatendeka, na uso wake ulikuwa umejaa kuliko ile skrini.

"Ni uchafu," alisema Nimesh. "Niliacha sanduku wazi. Ni kosa langu."

Karanja alifungua mdomo. Nimesh akamkanyaga.

Kamati ilikula peremende, zikasifiwa sana, na mama wa vidani akamwomba Ba awafundishe wanafunzi wa keki siku moja. Chumba kilipata mapazia juma lililofuata.

"Kwani haikuwaka?" Ba aliuliza garini.

"Iliwaka, Ba."

"Basi ni wivu," alisema Ba, na kesi ikafungwa.

Hadubini, ikiwa ndani ya sanduku lake na kiganda kikiwa palepale chini ya lenzi, ilihamia karakana ya Nitin, kwenye kona, katikati ya keekee na ile mashine ya kukandamiza iliyokula vidole. Kila Nitin anapokandamiza chuma, sakafu hutetemeka, na kila kilichopangwa kwa subira hupanguka. Rangi ilichoka kabisa mwishowe. Skrini ikawa nyeusi tii, na Nimesh akatafuta kila mahali Mtoto alipokuwa, akatafuta na pembeni, asione kitu. Labda alikufa pamoja na rangi, labda leza ilimmaliza kabla. Karanja alipiga simu Jumapili baada ya ibada, kama anavyopiga mpaka leo.

"Mtoto?"

"Bado, Karanja."

Nimesh alinunua selotepu nyingine. Anabandua, anabandika, anasubiri Nitin aende kula chakula cha mchana ili sakafu itulie. Juzi alipata doa ambalo mstari wake ulididimia kidogo, au alidhani umedidimia. Akaliacha pale pale chini ya lenzi, asiliguse.

Na leo asubuhi ni Dasara ya mwaka mwingine. Ba ameshamaliza keekee, ameshamaliza msumeno, ameibariki mashine ya kukandamiza mdomoni kabisa, mara mbili. Sasa amesimama mbele ya sanduku jeusi na sinia yake, kidole kimelowa. Nimesh anajitokeza mbele yake, amejitayarisha tangu jana.

"Hii siku hizi inang'ata hapa, Ba," anasema, akionyesha mguu wa meza.

"Mguu?"

"Mguu."

Ba anaukagua mguu. Anainama taratibu, magoti yakilia, anaweka alama nzuri ya duara kwenye mguu wa meza, anatupia mchele, anasali. Nimesh anapumua. Wala hana nazi mikononi mara hii, mikono yake iko huru kabisa, inaning'inia.

Ba anajishikilia mezani, anainuka.

"Na kwa usalama," anasema, akichovya kidole tena, huku mkono wake mwingine ukifungua kifuniko.